Mafunzo ya Tafsiri katika Shahada ya Uzamili: Kumwandaa Mfasiri wa Kutetea Neno Lake

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi za lugha, ni chache zilizozoeleka kudhaniwa kuwa rahisi kama tafsiri. Yeyote aliyelelewa katika lugha mbili au tatu, na Wakenya wengi wamelelewa hivyo, hudhaniwa kuwa ni mfasiri tayari. Karani ajuaye Kiingereza huitwa asimame kando ya mshtakiwa. Mwalimu wa Kiswahili huletewa mkataba wa benki aufasiri kwa juma moja. Mwandishi wa habari hufasiri hotuba ya waziri huku saa ya taarifa ikikaribia. Kazi hizo hufanyika, na mara nyingi hufanyika vizuri. Hata hivyo, anapoulizwa kwa nini ameteua neno hili akaliacha lile, mwenye kazi aghalabu hana jibu ila kwamba ndivyo isemwavyo.

Makala haya yanachunguza nafasi ya shahada ya uzamili katika kumwandaa mtu kwa kazi ya tafsiri na ukalimani, hasa nchini Kenya na katika Afrika ya Mashariki kwa jumla. Hoja inayotolewa ni kwamba wajibu mkuu wa mafunzo ya daraja hiyo ni kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo anaweza kutoa sababu ya kila uteuzi alioufanya, na kuitetea sababu hiyo mbele ya wale watakaoathiriwa nao. Ujuzi mwingine wote unaofundishwa, uwe wa isimu, wa istilahi au wa vyombo vya kisasa, hupata thamani yake kutokana na lengo hilo. Itatazamwa kwanza historia fupi ya tafsiri za Kiswahili kabla ya kuwapo mafunzo rasmi. Pili, mifano ya mahakamani, ambako gharama ya neno huonekana waziwazi. Tatu, mambo yapasayo kuwamo katika mtaala. Na mwisho, kazi zenyewe zinazomngoja mhitimu.

Yafaa ieleweke mapema kwamba tafsiri na ukalimani ni kazi mbili zenye asili moja. Mfasiri hushughulika na maandishi. Ana kamusi mezani, na ana nafasi ya kufuta na kuandika upya. Mkalimani hushughulika na mazungumzo. Neno likishamtoka halirudi. Vyuo vingi huzifundisha kazi hizi pamoja katika mihula ya kwanza, kisha huzitenganisha. Katika makala haya zitatajwa pamoja pale tu ambapo tatizo lao ni moja.

2. Wafasiri kabla ya vyuo

Tafsiri katika Kiswahili ina umri mkubwa kuliko mafunzo yake. Washairi wa pwani waligeuza visa vya Kiarabu kuwa tenzi, nao hawakujifunga na maneno ya asili. Walichukua kisa wakakivika mizani na vina vya kwao. Wengine walifuata njia tofauti. Sayyid Aidarusi wa Pate alipoifasiri Hamziya, kasida ya al-Busiri, aliuweka mstari wa Kiswahili chini ya mstari wa Kiarabu, ili msomaji asipotee mbali na asili. Kwa hiyo njia mbili ambazo nadharia za karne ya 20 zilikuja kuzipa majina, yaani kufuata umbo na kufuata maana, zilikuwa zikitumika katika visiwa vya Lamu zamani sana kabla ya nadharia hizo kuandikwa.

Wamisionari nao waliingia katika kazi hii bila mafunzo ya tafsiri. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere alifanya kazi kama hiyo Unguja. Matokeo yake ni kwamba Biblia ilipatikana katika Kiswahili cha namna mbili, cha Mombasa na cha Unguja, na tofauti hizo hazikumalizwa mpaka ilipotolewa tafsiri ya pamoja mwaka wa 1952, miaka 22 baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyosanifisha Kiswahili. Historia ya Qurani inafanana na hiyo. Tafsiri ya Godfrey Dale ilitoka mwaka wa 1923, ya Sheikh Mubarak Ahmad mwaka wa 1953, na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka wa 1969. Kila moja ya zile zilizofuata ilikuwa, kwa kiasi fulani, jibu kwa iliyoitangulia.

Katika fasihi, mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Julius Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitoka mwaka wa 1963. Hakuridhika nayo, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka wa 1969.

Historia hii ina funzo moja lililo muhimu kwa mjadala huu. Wafasiri hao hawakuwa na shahada za tafsiri, lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo mfasiri wa leo ni nadra kuwa navyo: muda na wapinzani. Kazi iliyochukua miaka iliweza kurudiwa, na palikuwapo wasomaji wenye ujuzi waliolazimisha irudiwe. Mfasiri aliyeteua neno la imani alijua kwamba kesho angeulizwa habari zake. Mafunzo ya uzamili yanaweza kuelezwa kuwa ni jitihada ya kumpa mwanafunzi, kwa muda wa miaka miwili hivi, kile ambacho wazee hao walikipata katika maisha yao yote: mazoea ya kuulizwa.

3. Neno mbele ya hakimu

Gharama ya kutoulizwa huonekana zaidi mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa kila mshtakiwa, katika kifungu cha 50, haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi yake. Lakini kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko Katiba hiyo. Mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo mshtakiwa anapokiri kosa. Shtaka na sehemu zake zote muhimu lazima aelezwe kwa lugha yake au kwa lugha anayoifahamu. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Upande wa mashtaka ueleze mambo yaliyotokea. Naye apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakana au kuyafafanua. Akikana au akizusha swali, kukiri kwake hubatilishwa.

Ukiusoma utaratibu huo kwa jicho la mfasiri, utaona kwamba karibu kila hatua yake ni tatizo la tafsiri. Tuseme mtu ameshtakiwa kwa kumpiga jirani yake. Anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli au si kweli, naye anajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenianza na panga." Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu huyu amekubali tukio na amekana kosa. Karani anayekalimani akichukua maneno mawili ya mwanzo peke yake, kitakachoandikwa kwa Kiingereza ni kukiri kosa, na utetezi mzima wa mtu huyo utakuwa umeachwa sakafuni. Hapa hapakukosekana msamiati. Kilichokosekana ni ujuzi kwamba "kweli" ya tukio na "kweli" ya hatia ni vitu viwili, na kwamba sheria inavitenga hata pale ambapo lugha ya mazungumzo haivitengi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ulitokea jirani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1994 na kufanya kazi zake Arusha, ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Hukumu hiyo hukumbukwa kwa kuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa kutambua kwamba kunajisi kwaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Kwa wanafunzi wa tafsiri, ina umuhimu mwingine. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Maneno yao yalipelekwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa yakapelekwa kwa Kiingereza. Majaji wenyewe waliliona tatizo hilo na kulijadili katika hukumu. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Mathias Ruzindana, kuhusu maana ya maneno kadhaa, na waliwataka wakalimani wao wa lugha tatu waeleze walichokifanya.

Neno *inyenzi* lilikuwa mojawapo. Maana yake ya kawaida ni mende. Katika miaka ya 1960 lilitumiwa kuwaita wapiganaji wakimbizi walioishambulia Rwanda kutoka nje; kufikia miaka ya 1990 hadi 1994, maana yake ilikuwa imebadilika na kupanuka mpaka kuwahusu Watutsi kwa jumla. Mfasiri angeandika nini? Akiandika "mende", amepoteza historia; akiandika "adui", amepoteza tusi; akiliacha kama lilivyo, amemwachia jaji kazi. Mahakama ilikata shauri kwamba maana ya neno la namna hiyo haiwezi kutolewa nje ya mahali, wakati na msemaji wake.

Tatizo lilikuwa gumu zaidi katika ushahidi wa wanawake. Mashahidi walitumia vitenzi vinne: *gusambanya*, *kurungora*, *kuryamana* na *gufata ku ngufu*. Msomaji wa Kiswahili atatambua ndugu wa maneno yake humo: *kuryamana* ni kulala pamoja, na *ngufu* ni nguvu. Ni usemi wa nne peke yake unaotaja nguvu waziwazi. Hata hivyo wakalimani walivifasiri vyote kwa neno moja la kisheria la kunajisi, kwa kuwa mashahidi walivitumia kwa kubadilishana, na muktadha ulionyesha ni jambo gani lililokuwa likisimuliwa. Mtu wa kamusi angeweza kuwapinga. Majaji walipouliza, maelezo yalitolewa neno kwa neno, yakaandikwa katika hukumu, na uteuzi ukasimama. Kama maelezo hayo yasingekuwapo, ushahidi wa wanawake hao ungekuwa wazi kwa hoja kwamba walisema jambo moja na mahakama ikasikia jingine.

Katika chumba kile cha Arusha, basi, tafsiri ililindwa na uwezo wa wakalimani wa kueleza walichofanya. Uwezo huo hauji kwa kuzaliwa katika lugha mbili.

4. Mambo ya kufundishwa

Mwezi wa Februari mwaka wa 2009 ulifanyika Nairobi mkutano wa Afrika nzima kuhusu mafunzo ya wafasiri na wakalimani. Katika juhudi zilizofuata, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Kituo cha Tafsiri na Ukalimani na kushirikiana na vyuo vingine, vikiwamo vya Ghana na Buea nchini Kameruni, katika mpango wa shahada za uzamili kwa bara zima. Vyuo vingine vya Afrika ya Mashariki hufundisha tafsiri ndani ya shahada za Kiswahili au isimu. Majina ya kozi yanatofautiana, lakini mambo matano hayana budi kuwamo.

(a) Lugha kuu ya mwanafunzi

Kanuni ya kazi hii duniani ni kwamba mfasiri hufasiri kuelekea lugha aliyoimudu kuliko nyingine zote. Kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao lugha yao ya nyumbani ndiyo lugha yao ya shule. Mwanafunzi wa Kenya huenda akawa amezaliwa katika Kijaluo au Kikamba, akasomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na Kiswahili akakijua kama somo la shule na lugha ya sokoni. Lugha yake kuu ni ipi? Ile ya mama hakuwahi kuiandikia insha. Ya shule anaiandika vizuri lakini hana utani ndani yake. Ya sokoni anaizungumza kwa kasi lakini akiandika waraka rasmi husitasita.

Swali hili lapasa kuulizwa mwanzoni mwa masomo na kujibiwa kwa mitihani ya kweli, kwa sababu mwanafunzi asiye na lugha moja iliyokomaa hawezi kusaidiwa na nadharia yoyote. Pengine jibu litakuwa kumrudisha asome sana fasihi na sheria zilizoandikwa kwa Kiswahili kabla ya kumruhusu kufasiri. Isidhaniwe pia kwamba lugha za kienyeji zimetoka katika hesabu. Mahakama za Lodwar na Marsabit zina haja ya wakalimani wa Kiturkana na Kiborana kuliko wa Kifaransa.

(b) Nadharia kama lugha ya kujitetea

Wanafunzi wengi huiogopa nadharia, na wafasiri wazoefu huidharau. Wote wawili huwa wameifunzwa vibaya, kama orodha ya majina: Nida na mlingano wa umbo na wa athari mwaka wa 1964, Catford na isimu ya tafsiri mwaka wa 1965, Holmes na ramani ya taaluma mwaka wa 1972, Vermeer na hoja ya lengo tangu mwaka wa 1978. Faida ya nadharia ni kumpa mfasiri maneno ya kusemea lile alilolifanya.

Chukua mfano wa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri nyingine ya Nyerere iliyotoka mwaka wa 1969. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Neno "bepari", lenye asili ya Kihindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara. Lakini kufikia mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Isitoshe, mmoja amekuwa wengi. Anayefuata mlingano wa umbo atasema hapa pana kosa. Anayefuata hoja ya lengo atasema kwamba tamthilia imepewa hadhira mpya na swali jipya. Atakayeichunguza zaidi ataona pia kilichopotea: katika asili, Antonio hukopesha bila riba, na ugomvi wake na Shylock umejengwa juu ya jambo hilo, jina la wingi linawaweka wote katika kapu moja. Mwanafunzi wa uzamili hatakiwi kuchagua upande. Anatakiwa aweze kueleza faida na hasara zote mbili, kisha aseme yeye angefanya nini na kwa nini. Zoezi hilo hilo laweza kufanywa kwa *Shujaa Okonkwo* ya mwaka wa 1973, ambapo Clement Ndulute aliacha jina la Achebe linalotaja kuvunjika kwa mambo akamweka mtu badala yake.

(c) Istilahi na uwanja wa maarifa

Neno "dhamana" latosha kuonyesha ugumu wa jambo hili. Katika Kiswahili hutumika kwa mali inayowekwa ili mshtakiwa aachiliwe, kwa ahadi iliyoandikwa mahali pa fedha, kwa rehani ya mkopo wa benki, na hata kwa wajibu wa kiongozi kwa watu wake. Kiingereza cha sheria kina neno mbali kwa kila moja. Vivyo hivyo neno "haki" linabeba mambo mawili ambayo Katiba inayatenganisha: kitu ambacho mtu anastahili, na utendaji wa uadilifu wa mahakama. Sentensi "kila mtu apate haki" ni nzuri katika hotuba. Katika sheria ni tatizo.

Kuna wanaosema dawa yake ni kuunda maneno mapya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mwanafunzi anapaswa kwanza kukusanya matumizi yaliyopo, katika maandishi ya mahakama, magazeti, kamusi na vinywa vya watu, na kuonyesha kwa ushahidi kwamba pengo lipo. Kazi hiyo haiwezekani bila kuujua uwanja wenyewe. Mfasiri wa sheria asiyejua tofauti kati ya mashtaka ya jinai na madai hawezi kuokolewa na kamusi. Ndiyo sababu yafaa kila mwanafunzi ateue uwanja mmoja, wa sheria, afya, kilimo au fedha, na kuusoma kwa walimu wa uwanja huo.

(d) Tafsiri yenye ufafanuzi

Kipimo cha mwisho cha shahada kingefaa kiwe tafsiri ndefu ya matini ambayo haijafasiriwa, ikifuatana na ufafanuzi wa mwanafunzi mwenyewe. Katika ufafanuzi huo ataeleza matini ni ya nani na kwa ajili ya nani, matatizo aliyokutana nayo, njia alizozijaribu na kuziacha, na sababu za ile aliyoishika. Kisha atahojiwa na wasomaji wawili: mmoja mtaalamu wa lugha, na mwingine mtaalamu wa uwanja. Hivyo tasnifu inakuwa mfano mdogo wa yale yaliyotokea Arusha. Kwa upande wa ukalimani, kanda ya sauti ya mwanafunzi yaweza kuchukua mahali pa matini, naye aketi na kuieleza sentensi kwa sentensi.

(e) Mashine

Mashine za kutafsiri zimekwisha kufika katika Kiswahili, na mhitimu atazikuta kazini. Waajiri wengi watampa rasimu iliyotolewa na mashine ili aisahihishe. Hapana haja ya kuziogopa wala ya kuzisifu kupita kiasi. Ichukuliwe sentensi hii: "Daktari alimwambia muuguzi kwamba amechoka." Kiswahili hakisemi nani mwanamume na nani mwanamke, wala hakisemi ni nani aliyechoka. Kiingereza hulazimisha uteuzi, na mashine huteua bila kutaja kwamba imeteua. Msomaji wa tafsiri hatajua kuwa palikuwa na shaka. Mfasiri aliyefunzwa huiona shaka hiyo, huuliza, na asipopata wa kumuuliza huiandika pembeni. Kadiri mashine zinavyozidi kutoa maneno mengi kwa bei ndogo, ndivyo kazi ya mfasiri inavyozidi kuelemea upande wa kuzijua shaka na kuzitolea uamuzi.

5. Kazi zinazomngoja mhitimu

Wanafunzi wengi wa Nairobi huanza masomo haya wakiwa wameyakazia macho majengo ya Gigiri, ambako Ofisi ya Umoja wa Mataifa imekuwapo tangu mwaka wa 1996. Ni vema waambiwe ukweli tangu siku ya kwanza. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mfasiri wa huko hufasiri kuelekea lugha yake kuu, na kwa kawaida hutakiwa ajue lugha nyingine mbili katika hizo. Aliye na Kiingereza na Kiswahili tu hawezi kuingia kwa mlango huo; hana budi kuongeza Kifaransa na pengine Kiarabu, na kuviongeza kwa kina.

Milango mingine imefunguka. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya nne mwezi wa Agosti 2019. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwezi wa Februari 2022, miezi michache tu baada ya UNESCO kuitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maazimio hayo yanahitaji watu wa kuyatekeleza: nyaraka zifasiriwe, vikao vikalimaniwe, istilahi zilinganishwe. Azimio lisilo na wafasiri hubaki karatasi.

Nyumbani, kazi ni nyingi kuliko zinavyohesabiwa. Kiswahili kilianza kutumika katika mijadala ya Bunge mwaka wa 1974, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Lugha ya Ishara ya Kenya ikawa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo kifungu cha 259 kinasema kwamba nakala za Katiba zikihitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Kifungu hicho huchukuliwa na wengine kuwa dharau kwa Kiswahili. Yafaa kichukuliwe pia kuwa kipimo. Siku ambayo matini ya Kiswahili ya sheria itaandikwa na kutetewa kwa uangalifu uleule wa ile ya Kiingereza, hoja ya kuinyima nguvu itakuwa imepungua sana.

Mbali na Serikali, wapo wachapishaji, mashirika ya habari, benki, hospitali na mashirika ya misaada. Wapo pia Waswahili wa nje ya mipaka hii: katika kesi za Ituri huko The Hague, mashahidi walizungumza Kiswahili cha Kongo, ambacho upatanisho wake wa ngeli na maneno yake ya mkopo si vile vya Kiswahili sanifu. Mkalimani aliyefunzwa usanifu peke yake angepotea.

6. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza husema kwamba tafsiri ni kipaji, na kipaji hakifundishiki. Historia iliyoelezwa hapo juu yaweza kuonekana kuiunga mkono. Lakini hata wenye kipaji hao walisahihisha na kusahihishwa. Na yule asiye na kipaji kikubwa, ambaye ndiye atakayesimama mahakamani Jumatatu asubuhi, anahitaji utaratibu wa kumwongoza.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Husema kwamba nafasi za kazi zenye cheo na mshahara wa mfasiri ni chache, na kwamba makarani na walimu wataendelea kuitwa kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli, na shahada peke yake haitabadilisha hali hiyo. Kinachoweza kuibadilisha ni mwajiri kuona tofauti ya kazi, na tofauti hiyo huonekana pale ambapo tafsiri inapohojiwa na mfasiri akawa na jibu.

7. Tamati

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mambo matatu yanapendekezwa kwa idara zinazofundisha au zinazokusudia kufundisha tafsiri katika daraja ya uzamili. Kwanza, kuingia kusitegemee shahada ya kwanza peke yake; mwanafunzi apimwe lugha yake kuu, na akipungukiwa apewe muda wa kuijenga. Pili, idara za lugha zishirikiane na vitivo vya sheria, tiba na kilimo, ili kila tafsiri iwe na msomaji anayeujua uwanja wake. Tatu, rekodi za mahakama zilizo wazi kwa umma, zenye maneno ya mashahidi na maelezo ya wakalimani, zitumiwe darasani kama zinavyotumiwa riwaya na tamthilia. Nyingi zinapatikana, na Arusha iko karibu.

Mhitimu wa mafunzo kama hayo huenda akaajiriwa Addis Ababa, au akaketi katika mahakama ndogo ya wilaya ambako hakuna anayejua kwamba ana shahada. Katika mahali pote pawili, mtu asiyeifahamu lugha ya wakubwa atakuwa amemkabidhi maneno yake, naye hana njia ya kujua kama yamefika salama.